Jiwe la Akinyi Mekoni

Jumatatu, 4 Machi
Nimekamua. Nimefagia. Mawe ya Akinyi yamejaa barazani, nikayazunguka na ufagio kama wageni waliolala. Kila moja lina namba na mshale wa wino. Huyu mjukuu wangu anasomea mawe chuo kikuu. Mawe! Mimi shule sikuiona. Herufi nilizipata uzeeni, darasa la gumbaru kanisani. Naandika Kiswahili kwa sababu mke mwenzangu Min Otieno anasoma Kijaluo tu, na macho yake hayana adabu.

Akinyi anasema hapa kwetu Migori palikuwa na safu ya milima mirefu kabla mtu hajazaliwa duniani. Ikainuka, ikachoka, ikaporomoka. Anatafuta iliinuka lini na ilianguka lini. Nikamuuliza nani alikuwepo akihesabu.

"Dani, jiwe lenyewe lina saa ndani." Dani ni bibi kwa Kijaluo, ndivyo anavyoniita.

Nimecheka mpaka nikakohoa. Kesho anaenda Mbita kumsaidia mwenzake kuokota mengine.

Jumatano, 6 Machi
Akina mama wa kanisa walikuja kuomba. Wengi. Figa moja likapasuka sufuria ikiwa juu, maji ya ugali yakamwagika. Nikakimbia barazani, nikachukua lile jiwe linalometameta kama magamba ya omena. Kubwa, kichwa cha ndama. Likakaa sawasawa. Ugali, samaki, maharagwe, chai, tena chai. Moto wa kweli, kutwa nzima.

Min Otieno akasema, "Leo jiko lako limevaa hereni."

Nikaona fahari. Mjinga mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimelisugua kwa majivu na gunzi la mahindi. Masizi yametoka. Namba pia imetoka, na mshale. Nikatazama mstari barazani: sita, pengo, nane. Basi ni saba. Nikaiandika kwa kalamu yangu ya gumbaru. Mshale sikujua ulielekea wapi. Nikauelekeza juu, kwa Mungu.

Limerudi mahali pake. Hakuna atakayejua.

Jumamosi, 9 Machi
Akinyi amerudi na samaki, ngege mkubwa wa Mbita. Wangu peke yangu, amesema. Sikusikia ladha.

Wakati wa kula akaanza hadithi ya mawe yake. Karibu yote yanasema mlima ulizaliwa lini, na saa hiyo ni ngumu, moto wa jikoni hauiwezi. Lakini namba saba ndilo la pekee linalosema ulianguka lini. Milima ikiporomoka, mawe ya chini kabisa hupanda juu na kupoa, na vile vimagamba vinavyong'aa vinaanza kuhesabu. Ukivichoma vikali, hesabu inafutika, inaanza upya. Alilitoa chini ya shimo la dhahabu kule nyuma ya Suna. Mvua imeliangusha shimo. Hakuna lingine. Jumanne mawe yanakwenda ng'ambo kupimwa.

Nikamwambia kula, samaki anapoa.

Mwongo mkubwa mimi.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani sikuimba.

Mlima ulikaa kimya miaka isiyo na jina ukimngoja mtoto wangu aje auulize. Mimi nimeufundisha kusema ulianguka Jumatano, pamoja na ugali. Naye ataandika hivyo. Watamcheka mbele ya watu.

Min Otieno ananiuliza kama nina malaria. Nikamwambia aende kwake.

Ningevunja chungu cha jirani ningesema siku ile ile. Kwa nini jiwe linanifunga mdomo? Kwa sababu msichana huyu akinitazama anaona mtu mzuri. Sitaki aache. Ndiyo hiyo, hakuna nyingine.

Jumatatu, 11 Machi
Nimesema. Alikuwa anafunga mifuko, saba iko mkononi. Nikasema yote: figa, majivu, kalamu.

Akaligeuza. "Na mshale huu unaenda wapi?"

"Mbinguni."

Hakucheka. "Wewe ulinyamaza tangu Jumamosi? Wewe?"

Wewe. Si Dani. Ningependa anipige.

Akaketi chini akalia kama alipokuwa mdogo. Sikumgusa. Sina haki. Nikakaa chini pia, mbali kidogo, magoti yakilalamika.

Baadaye akapangusa pua. Akasema labda moto haukufika moyoni mwa jiwe. Labda. Watalipasua wapime katikati, na hata hapo hawataliamini sana. Lakini wasingeambiwa wangepima popote, wakaamini.

Akanipa kalamu na kipande cha karatasi. "Andika mwenyewe. Mimi siandiki uongo wako wala ukweli wako."

Nikaandika: JIWE HILI LILIPIKA UGALI. NI MIMI DANI WAKE AKINYI. Akasoma. Mdomo ukacheza pembeni, akauzuia. Akakitia mfukoni pamoja na jiwe.

Jumatano, 13 Machi
Akinyi ameondoka jana. Langoni alisema, "Dani, tafuta figa mtoni." Aliniita Dani. Sijui kama ni msamaha au ni mazoea. Sikuuliza.

Nimeleta figa la mtoni. Linayumba. Nimeliacha hivyo.

Asubuhi nimefagia baraza moja kwa moja, ukuta hadi ukuta, bila kuzunguka kitu. Sikupenda.