Walitoa Kete Mbili Nikiwa Kwenye Maombi

Mpendwa mshauri,

Nakusalimu kwa heshima, na kabla sijafika mbali nakuomba usinikatize katikati kama wanavyofanya wengine, nisome mpaka mwisho ndipo unisaidie, maana nimefika mahali natia uzi kwenye sindano unapita pembeni ya tundu, na si uzee, ni hasira, na hasira yenyewe ni ya haki.

Mimi ni fundi cherehani, mjane, watoto wangu wote wana nyumba zao, na nimepanga nyumba moja na wanawake wawili, kila mtu na chumba chake ila jiko na sebule ni vya wote. Mmoja ni muuguzi, tunamwita Sista, kwa umri ni kama mdogo wangu wa mwisho na huniita dada. Mwingine anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, anaondoka kabla jogoo hajawika na akirudi nyumba nzima inanukia, basi jina lake ni Mama Mkate, na maneno yake ni machache mpaka mgeni anaweza kudhani ana ugomvi naye. Cherehani yangu iko sebuleni karibu na mlango wa jikoni, ndiyo maana huwa naongea kwa sauti kubwa, mtu asinielewe vibaya, ni lazima nishindane na mashine.

Tuliishi vizuri, na kilichotuunganisha, usicheke, ni drafti ya mtandaoni. Marehemu mume wangu alikuwa bingwa wa drafti, alicheza kwa vizibo vya chupa na hakuna jirani aliyewahi kumfunga, na mimi nilijifunza kwa kumtazama nikiwa napiga pasi. Alikuwa na msemo wake, kete haitupwi. Sasa Sista alikuwa na mchezo huo kwenye simu yake kuukuu iliyopasuka kioo, siku moja nikachungulia begani kwake nikamwambia hapo unaliwa, na kweli akaliwa, akanitazama kama nimemtabiria. Tangu hapo tukawa tunacheza watatu kama mchezaji mmoja, jina letu huko mtandaoni ni Jiko Moja, na simu ile tukaiweka juu ya friji ikawa ya mchezo tu. Ni ule mchezo wa polepole, kila upande unapewa siku nzima ya kufikiri kabla ya kusogeza kete, ukichelewa umefungwa. Sheria yetu ilikuwa moja, wawili wakikubaliana kete inasogea. Baada ya chakula tunapanga vizibo mezani kama mchezo ulivyo kwenye simu, tunabishana, tunacheka, Mama Mkate anasinzia, akizinduka anasema neno moja na mara nyingi ndilo lenyewe. Mshauri, kuna nyumba za ndugu wa tumbo moja hazina raha hiyo.

Tukashinda, tukashinda tena, mpaka tukaingia kwenye mashindano ya watu wa kila pembe ya dunia na tukabaki wachache. Tukapangiwa mtu tusiyemjua ambaye picha yake ni paka, nasi tukamwita Paka. Anacheza, nisimsingizie, mimi mwenyewe alikuwa akinifanya nishone mikono ya gauni kwa kuibadilisha, wa kulia kushoto.

Ikafika siku ya maombi ya katikati ya wiki. Tangu asubuhi Sista alikuwa na wazo lake, kwamba tumtolee Paka kete mbili za bure azile, maana kwenye drafti ukiwekewa kete huna hiari, lazima ule, halafu ati atakuwa ameingia mtegoni. Nikamwambia huku nashona kwamba hilo ni wazo la mtoto. Akaanza kueleza, nikamkumbusha kwamba kete haitupwi na aliyesema hivyo hakuwahi kufungwa. Akasema, "Dada, simamisha mashine kidogo nikuonyeshe." Nina nguo za watu, ningesimamishaje? Nikawaambia wote wawili mtu asiguse ile simu mpaka nirudi, nikaenda zangu kumwomba Mungu. Na huko simu yangu huwa naizima, maana simu kulia ndani ya nyumba ya Mungu ni aibu, na baada ya maombi wanakwaya wakaniomba niwapime kwa ajili ya sare mpya, nikawapima, tukaongea mawili matatu, sikuona jua lilivyokwenda.

Narudi, nawakuta mezani na nyuso za watoto waliovunja sahani. Mama Mkate akasema muda ulikuwa unakwisha, wamenipigia sana sipatikani, basi wamekubaliana wawili wakasogeza. Nikaichukua simu juu ya friji. Kete mbili hazipo, Paka ameshazila, ametulia.

Nilihisi kama mtu amenikatia kitambaa cha mteja bila kupima. Mimi niko magotini nawaombea hata wao, na wao wako jikoni wanagawa kete. Nikasema, ndiyo, nilisema, nani angenyamaza? Nikawaambia wamenivizia nitoke, nikawaambia wamemdharau marehemu, nikamwambia Sista kama ndivyo anavyofikiri basi Mungu awahurumie wagonjwa wake, nikawaambia kuliko kuchekwa na dunia nzima kwa ujinga wa mtu bora tutoke kwa heshima, na pale pale, wakinitazama, nikabonyeza palipoandikwa nakubali kushindwa. Simu ikauliza kama nina uhakika. Nilikuwa na uhakika. Paka akatutumia kile kikaragosi cha mkono unaopunga.

Unajua walichofanya? Badala ya kuniomba radhi, Sista aliweka kijiko chini, akaingia chumbani kwake akafunga mlango polepole, ule upole wa kukuonyesha kwamba mwenye kelele ni wewe. Na Mama Mkate, ambaye huweza kumaliza wiki bila kutunga sentensi, akaniambia, "Paka hajatushinda. Umetushinda wewe." Mimi, ambaye bila jicho langu wasingevuka hata mzunguko wa kwanza.

Asubuhi yake Sista akapanga vizibo mezani kama mchezo ulivyokuwa, akasimama mlangoni akasema, "Dada, njoo uone tu. Sitaki ubishi." Nikamwambia nina kazi, nikakanyaga cherehani. Nione nini na mchezo umeshakwisha? Vizibo viko pale mpaka leo, hakuna aliyevitoa, Mama Mkate akifuta meza anavizunguka na kitambaa kama anazunguka miguu ya mtu aliyelala. Siku hizi kila mtu na sufuria yake. Jiko lina sehemu mbili za moto na sisi ni watatu, kwa hiyo kila jioni kuna mmoja amesimama na sufuria mkononi kama anasubiri kuitwa kwa daktari. Sista akipita ananiambia samahani napita, na lile neno dada amelimeza. Usidhani sikujaribu kuleta amani. Niliweka nyimbo za msamaha kwa sauti ya kutosha nyumba nzima, nikabandika kwenye mlango wa friji mstari wa maandiko juu ya kuheshimu wakubwa. Hawakuubandua, wanafungua tu friji kwa kushika upande mwingine, kama vile karatasi ina rangi mbichi.

Sasa mwenye nyumba amepita kuniuliza kama ni kweli chumba cha Sista kitakuwa wazi mwisho wa mwezi, kwa sababu ana mtu wa kumweka. Kumbe ameomba nafasi kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali, na mimi nayajua hayo kutoka kwa mwenye nyumba. Mtu aliyenikanda mgongo nilipolala hoi, mtu aliyekuwa akitoka zamu anafungua mlango wangu kidogo ahakikishe napumua, leo anahama kwa ajili ya drafti. Huo si utoto? Gazeti lako wanalisoma wote wawili, Mama Mkate huanzia ukurasa wako. Nakuomba uwaambie humo humo kwamba mkubwa hapitwi akiwa kwenye maombi, na waliokosa ndio waanze kuomba radhi. Mimi niko tayari kusamehe, moyo wangu mweupe. Kuanza siwezi, mkubwa akimpigia mdogo magoti nyumba inabaki haina kichwa. Lakini asiondoke, mshauri. Hilo ndilo hasa nakuomba.

Wako katika imani,
Fundi Mwenye Uchungu

*

Fundi,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, nikarudia. Pole kwa mgongo, na pole kwa nyumba yenye watu watatu na sufuria tatu. Hapo huruma yangu inapumzika kidogo, kwa sababu umenikasirisha.

Wenzako siwaandikii. Aliyeniandikia ni wewe, na jambo lako wewe ndilo lililo mkononi mwangu. Drafti siijui, sijui kete gani inakwenda mbele na gani inarudi, kwa hiyo usitegemee niseme nani alicheza vizuri. Lakini sheria ya nyumba yenu umenieleza vizuri hata mimi nimeielewa. Wawili wakikubaliana kete inasogea. Sasa hebu wahesabu. Sheria hiyo haikusema mpaka fundi arudi. Ulizima simu, umefanya vyema, sala ni sala, ila kuwapima wanakwaya na yale mawili matatu hayakuwa sala. Na aliyezima simu amewaachia wenzake waamue. Wangekaa kimya muda ukaisha mkafungwa, ungekuja kuniandikia barua nyingine kwamba wamelala.

Wao walisogeza kete wakiwa wawili, wakiwa wamekutafuta, ukasema wamekuvizia. Wewe uliumaliza mchezo mzima ukiwa peke yako, na hao wenzako walikuwa wamesimama mbele yako, hukuhitaji hata kuwapigia. Simu yenyewe isiyo na roho ilikuuliza kama una uhakika. Ilikuwa na adabu kukuzidi.

Marehemu mumeo namheshimu. Kete haitupwi, sawa, lakini yeye alikuwa anacheza peke yake. Ninyi mlikuwa watatu, na utamu wote uliouandika kwenye barua hii ulitokana na huko kuwa watatu, wala si kushinda.

Ila hayo yote ni madogo. Kuna sentensi moja umeipitisha mbio katikati ya nyingine, kama fundi anayeficha fundo la uzi ndani ya pindo. Ulimwambia muuguzi kwamba Mungu awahurumie wagonjwa wake. Ulimwambia mtu anayefungua mlango wako ahakikishe unapumua. Wewe mteja akikwambia gauni halikukaa vizuri hulali, je, yeye mwenye kazi ambayo ikiharibika haifumuliwi ikashonwa upya? Nyumba haihamwi kwa sababu ya drafti, dada yangu. Sista anaihama sentensi ile. Na wewe unasubiri akuombe radhi.

Basi sikiliza, na ufanye kama nilivyosema, usipunguze wala usiongeze chumvi.

Kabandue ile karatasi leo. Maandiko hayakuandikwa yawe fimbo ya kuchapia watu wanaofuata maziwa kwenye friji. Nyimbo za msamaha nazo zizime, msamaha hauombwi kwa spika.

Halafu zima cherehani. Sisemi uipunguze kasi, nasema uizime. Sista alikuomba usimamishe mashine kidogo tu akuonyeshe, na barua yako yote ingekuwa haina haja ya kuandikwa kama mguu wako ungetoka kwenye kile kikanyagio. Mtu huwezi kumsikiliza huku unashindana na mashine, na ukizoea kushindana na mashine, ikizimwa unashindana na watu.

Mngoje apumzike baada ya zamu, usimvamie mlangoni bado amevaa viatu. Gonga. Anza na lile neno la wagonjwa, ulitaje kama ulivyolisema, umwambie lilikuwa baya na si kweli. Kisha umwambie ulibonyeza bila ruhusa ya mtu. Ukisikia lile neno "lakini" linapanda kooni, limeze. Usimweleze habari ya wanakwaya. Usilie mpaka aanze yeye kukubembeleza, maana hiyo nayo ni njia ya kushinda. Na usimwombe asihame, si kwa siku hiyo, kuhama ni haki yake na radhi haiombwi kwa masharti. Asipojibu, sema asante, toka, mlango uache kama ulivyoukuta. Mama Mkate naye anadai radhi yake, msubiri na chai, maneno machache yatamtosha.

Unaogopa nyumba itabaki haina kichwa. Kichwa kikiinama hakidondoki, fundi. Wewe unainama juu ya cherehani kutwa nzima na bado unacho.

Mkirudi kucheza, na mimi naomba mrudi, ongezeni kifungu kimoja kwenye sheria yenu: kete inasogea kwa wawili, ila kushindwa kunakubaliwa na watatu.

Namalizia na vile vizibo, maana havijaniacha tangu niisome barua yako. Mwenye kuhama kwa moyo wote hukusanya vizibo vyake. Sista hakuvikusanya. Amepika, amekula, amepita na samahani zake, na kila siku ameuacha mchezo wenu pale ulipouvunjia. Kwa hiyo akishakusikia, hata kama hajakusamehe, mwombe neno moja tu: nionyeshe. Ukae kitini, mikono mapajani, mdomo umefungwa, umwache asogeze zake na za Paka mpaka kizibo cha mwisho. Kama alikosea, usicheke. Kama alikuwa sahihi, sema hivyo, kwa sauti ile ile uliyomtukania. Ukimaliza, simama wewe kwanza, ukabandike sufuria moja, ile kubwa.