Damu ya Pamela na Mboga za Mama Yake

Mshangano,
Songea.
21 Agosti 1994

Mpendwa Kaka Hironimus,

Shikamoo kaka, na Tumsifu Yesu Kristo. Hali yako huko Tanga ikoje, na kile kifua kimetulia? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imetukomesha; mama habanduki jikoni. Mahindi tumeshayaingiza ndani.

Kaka, leo nakuandikia moyo wangu ukiwa mweupe. Unakumbuka wale wataalamu wa lishe waliopima damu ya watoto, wakasema ya Pamela haina dalili ya mboga za majani. Maneno yakaenea kwamba mkeo Notburga anazipeleka mboga zote sokoni, maana siku hizi kila mtu mfanyabiashara, na mwanao anakula ugali mkavu. Nawe ukaandika kwamba mtoto aondolewe mikononi mwake. Wifi alifunga nguo zake akarudi kwao Hanga, akamwacha Pamela analia mlangoni.

Basi wataalamu wamerudi. Safari hii walitaka kujua kama kipimo chenyewe ni cha kuaminika. Watoto walipikiwa matembele pale zahanati, wakala mbele ya wauguzi siku hadi siku, kisha wakapimwa tena. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka Pamela. Alikula mpaka akaramba sahani, lakini majibu yalipotoka, damu yake ilikuwa vilevile! Na mtoto wa jirani yetu Walburga, asiyegusa mboga hata kwa fimbo, damu yake ilisifiwa tangu mwanzo. Kumbe ni mapapai anayokula, nayo huacha damuni dalili ileile ya mboga.

Mama, ambaye naye aliyaamini yale maneno, akamgeukia daktari: "Kwa hiyo tumemwonea mkwe wangu?"

Daktari akainamisha kichwa. "Mama, damu peke yake haitoshi kusema mtu amekula nini. Huyu ana minyoo. Tena mboga isiyo na mafuta haiingii vizuri mwilini."

Akampa dawa, akatuagiza tuunge mboga kwa karanga. Walipompima baadaye, damu ilikuwa imepanda. Nililia palepale kwenye benchi, watu wananitazama.

Mama alikwenda mwenyewe Hanga kuomba radhi. Wifi amerudi juzi, na Pamela alimrukia hata hajatua mzigo. Sasa analala amemshika kanga.

Watoto wote wanakusalimu. Shangazi Kunegunda na mume wangu Kajetani nao wanakusalimu sana.

Nilimwuliza wifi kama nikuandikie kwamba amekusamehe. Akasema, "Kipimo sikilaumu, wifi. Kipimo hakinijui. Yeye ananijua."

Omba likizo uje, kaka. Hili halijibiwi kwa stempu.

Mungu akushike mkono njiani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokukemea,
Skolastika