Siku Niliyobatizwa Usenge

Jumapili

Mimi ndiye niliyemshinda kiboko kwa kuogelea, Usenge yote inajua. Ndiyo maana leo ufuo ulijaa watu, wamekuja kuniona nikibatizwa ziwani.

Wiki nzima nilihofia pasta atanikataa. Kwa huu mdomo wangu? Tukiwa bado mchangani nikamwuliza polepole, "Pasta, hata mtu mwongo sana, Mungu anasamehe?"

Akacheka. "Mzee, kama angekataa waongo, hata mimi nisingekuwa hapa. Huruma yake ni ya kila mtu. Haya, twende majini."

Nimerudi nyumbani mwepesi, kama nimetua gunia la dagaa wa omena.

Lakini yule kiboko... Sijui kuogelea. Maji yalifika kiunoni tu, nikamng'ang'ania pasta shingoni nikimwita mama.