Siku ya Pili ya Unguja

Njombe, Jumanne jioni

Ilikuwa siku ya pili tu iliyonisumbua. Kwaya yetu inakwenda Unguja, na kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyewahi kuishi kule, nimeachiwa kupanga matembezi. Siku ya kwanza ni mjini, ya tatu ufukweni. Ya pili niliwaahidi vijana mashua ya kwenda kisiwa cha kobe.

Leo baada ya mazoezi Mama Yusta alibaki kanisani. Mumewe alikwenda kuchuma karafuu Unguja, akafia huko. Mwenzake aliyerudi alimtajia shamba lenyewe.

"Mwalimu, mimi bahari siitaki. Nipeleke alikolala baba Yusta."

"Mama, ni miaka mingi. Huenda kaburi halionekani tena."

"Basi nitasimama shambani. Wanangu wakiniuliza kukoje, nitakuwa na la kuwaambia."

Nilitoka nikawaambia vijana kwamba kobe hatutawaona, na sababu yake. Walinuna.

Naogopa tusipate hata dalili ya kaburi, mama wa watu arudi na uchungu mpya.

Lakini Eliza, aliyenuna kuliko wote, alinifuata njiani akauliza, "Mwalimu, tutaimba wimbo gani pale shambani?"