Shairi Lisilo na Vina

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila ulinilea hivyo, siwezi kufungua mdomo mbele yako kabla ya salamu. Nina jambo linaloninyima raha. Wanataka kulichapisha shairi lako.

Bado nakuona ukienda shuleni asubuhi za baridi pale Masakta, mgolole begani juu ya shati la ualimu, nywele zimesimama kama hazijawahi kukutana na kitana. Ofisa mmoja alikuambia mwalimu wa taifa huru havai shuka la wachunga ng'ombe. Ukamjibu kwa upole, "Ndugu, mkoloni ameondoka, baridi imebaki." Mama hakulala vizuri siku kadhaa kwa sababu ya hilo jibu.

Watu walidhani unaupinga Ujamaa. Hawakukuona kwenye shamba la kijiji, wa kwanza kufika, ukilima huku unaimba vibaya. Kilichokukera ni watu kuamriwa wafurahi. Tulipohamishwa kutoka mlimani, nyumba zikapangwa mstari mmoja kama wanafunzi, bibi alilia chinichini huku redio ikiimba kwa shangwe. Ndipo ukaandika riwaya ya mtu anayerudi kila jioni kufagia uwanja wa nyumba yake iliyobomolewa. Wachapishaji wakairudisha, wakasema haina matumaini. "Mimi mwenyewe nayatafuta," ukacheka, "nitawapa yapi?"

Halafu ikaja siku ya mgeni wa serikali. Uliombwa ngonjera ya kumsifu, yenye vina na mizani, watoto waikariri. Ukasimama mwenyewe na shairi lisilo na kina hata kimoja. Ulianza na ardhi, ukaja kwenye mvua, ukaja kwenye ng'ombe. Wazee waliokaa nyuma, ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kuungaunga, waliusikia mwendo wa slufay, ile sala yetu Wairaqw ambayo mmoja husema na wengine huitikia. Wakaitikia. Mkutano mzima ukasimama. Mgeni naye akavua kofia, maana nani angeikatiza sala? Nami nilikuwa nimesimama karibu na mama, akanivuta kwake, kwa sababu yeye alijua kinachofuata.

"Na nyumba tuliyoiacha mlimani," ukasema, "isiwaite watoto wetu kwa majina."

Wakaitikia na hapo pia, tena kwa nguvu. Bibi aliitikia kuliko wote.

Sala ilipoisha ndipo wakubwa wakaanza kuulizana wamesimama kwa ajili ya nini. Tukahamishiwa Gehandu kabla ya mavuno, na jina lako halikuitwa tena kwenye sherehe yoyote. Uliendelea kuandika. Hakuna aliyechapisha.

Sasa, baba, amekuja mwalimu wa Kiswahili kutoka Mbulu, kijana mstaarabu, anakusanya mashairi ya walimu wa zamani yawe kitabu cha shule. Alilipenda shairi lako kwa dhati, nilimwona machoni. Ila ameomba mambo mawili: walitie vina, na ule mstari wa nyumba uondoke.

"Ni marekebisho madogo tu, mama," aliniambia. "Wanafunzi waelewe."

"Waelewe nini?"

Akatazama chini. "Ule mstari unasikika kama malalamiko."

Nisikufiche, nilitamani kusema ndiyo. Mama amezeeka sana. Hajui kusoma, lakini anataka kulishika jalada lenye jina lako, na kila mgeni akibisha hodi anauliza kama amekuja na kitabu. Nilikukasirikia pia. Ungepinda kidogo tu, baba, mara moja tu katika maisha yako, leo watoto wa watu wangekuwa wanakukariri. Ukaidi wako ulitugharimu nyumba, marafiki, na mama ulimgharimu amani.

Yule kijana aliniachia shairi lililorekebishwa. Nililisoma kwa sauti jikoni, nikalirudia. Vina vilikaa sawa, mizani imetimia, lilisomeka vizuri kabisa. Halikuwa na mtu ndani yake. Bibi hakuwemo, wewe hukuwemo, wala wale wazee. Nilikaa kwenye kigoda nikalia.

Nikamrudishia. Nilimwambia kama ni kulichapisha, walichapishe lilivyo, au waliache. Akasikitika, akaniaga kwa heshima. Kitabu kitatoka bila wewe.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia mama. Alikuwa anaota jua mlangoni. Aliusoma uso wangu kabla sijakaa.

"Wamemkataa tena?"

"Hapana, mama. Safari hii tumewakataa sisi."

Aliinamisha uso, nikaogopa nimemuumiza. Kisha akaanza kucheka, taratibu, mabega yakatikisika, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tukuzike.

Lala salama, mkaidi wetu.

Ni mimi, binti yako