Dola za Shangazi

Shoga, nimemponza shangazi yangu. Mimi mwenyewe!

Zile dola alizotumiwa na binti yake za upasuaji wa macho, si unazikumbuka? Wiki iliyopita alizileta hapa kwenye duka letu la kubadilishia fedha azibadilishe. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia, "Subiri, shangazi, dola inapanda."

Inapanda! Nilitamka kwa kinywa changu!

Jana benki kuu ilimwaga dola sokoni, bei ikaporomoka. Leo shangazi kaja dirishani kwangu. Nikamhesabia pesa zake. Hazitoshi macho yote mawili.

Hakunilaumu, shoga. Bora angenitukana.

Akasema, "Basi nitibiwe jicho moja kwanza."

Halafu akainama dirishani: "Wewe ndiye msomi wetu, mwanangu. Nianze na la kulia au la kushoto?"