Anayetazama Mpira na Binti Yangu

Al Warqa, Dubai
9 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Hamjambo huko Mbale? Mgongo umetulia? Mimi ni mzima, ila joto limeanza kutukumbusha tuko wapi.

Timu yetu tatu, Real Madrid wenyewe bila, baba! Nilipokupigia simu baada ya goli la kwanza ulikuwa unashangilia hadi sikusikia neno. La pili sikupiga kwa sababu Mzee Khelef alikuwa amenishika mkono. Ndiye ninayemtunza hapa, baba mkwe wa mwajiri wangu, madam Ghania. Asili yao ni Unguja, kwa hiyo tunaongea Kiswahili, ingawa chake ni kitamu kuliko chetu. Yeye ni wa Madrid. Kila goli alifunika uso kwa kofia, kisha akachungulia. Mwishoni nikamwambia, "Pole baba, mkondo wa pili bado." Tukacheka sana.

Ni mtu mwema. Sasa sitazami mpira peke yangu.

Binti yako,
Everlyn

*

Mbale, Vihiga
12 Aprili 2025

Everlyn mama,

Salamu zimefika. Mgongo uko vile ulivyouacha. Dada yako Agneta na watoto ni wazima.

Goli la pili nilishika simu nikingoja. La tatu vilevile. Nikadhani mtandao umepotea, kumbe ulikuwa umeshikwa mkono.

Sina neno na huyo mzee. Ila nimeona umemwita baba. Mimi ndiye niliyekubeba mabegani hadi sokoni kutazama mpira ulipokuwa hujui kuotea ni nini, nikakufundisha kwa maharagwe juu ya meza. Yeye amekufundisha nini? Mtu wa Madrid atakufundisha nini?

Ana umri gani? Ana mke? Siulizi kwa ubaya.

Baba yako mzazi,
Hesbon

*

Al Warqa
17 Aprili 2025

Baba yangu,

Natumai umeamka salama, na kwa furaha. Tumewafunga hata kwao. Safari hii nilikupigia magoli yote mawili, umeona?

Mzee Khelef ni mjane, anatembea kwa mkongojo, na kumwita baba ni heshima tu. Hapa hata dereva anamwita hivyo. Tafadhali usikasirike.

Kuna jambo lingine. Mwezi ujao atafanyiwa upasuaji wa nyonga. Madam ameniomba nisogeze likizo mbele hadi apone, kwa sababu hakubali kuogeshwa na mtu mwingine. Nimekubali. Najua ulishaanza kupaka chumba changu rangi. Nisamehe, nitakuja tu.

Binti yako,
Everlyn

*

Mbale
30 Aprili 2025

Everlyn,

Natumai u mzima. Sisi tuko.

Paris wametufunga moja nyumbani kwetu. Nilitazama na Dancan, mume wa Agneta. Siku hizi anakuja kila mechi. Nimemfundisha kutazama wachezaji wasio na mpira, na ameshika haraka kuliko wewe ulivyoshika. Ana jicho.

Kwa hiyo usiharakishe. Muuguze baba yako.

Hesbon

*

Al Warqa
8 Mei 2025

Baba,

Mgongo vipi? Najua jana hukulala vizuri. Kutolewa nusu fainali kunauma.

Nilikupigia mechi ilipoisha. Akapokea Dancan. Akaniambia, "Mzee amechoka, nitamwambia umepiga," kama karani wa ofisi. Dancan, ambaye hadi mwaka jana alikuwa wa Chelsea. Nilimsikia hata anavyovuta kiti, na najua ni kiti gani.

Hayo ya wachezaji wasio na mpira yalikuwa yetu. Ungemfundisha jambo lingine.

Nililia jikoni. Mzee Khelef akaja polepole na mkongojo wake, akauliza nani kafa. Nikamweleza yote. Akasikiliza, akaniomba namba yako. Nimempa. Tafadhali usimjibu vibaya, ni mgonjwa.

Binti yako bado,
Everlyn

*

Mbale
23 Mei 2025

Everlyn mama,

U mzima? Nimekaa kimya siku nyingi, sasa nisikilize.

Huyo mzee alinipigia Jumapili ile baada ya barua yako, nimetoka tu kanisani, kwa ile programu ya Botim ya kupigia simu uliyoniwekea. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali. Lakini alinisalimu, akauliza hali yangu, ya mgongo, ya ng'ombe, akanipa pole ya marehemu mama yako kana kwamba alimzika yeye, na alipomaliza nilikuwa nimesahau maneno yangu yote.

Ndipo akasema, "Ndugu yangu, miye nina binti Maskati. Hunipigia Idi kwa Idi. Wako nakaa naye nyumba moja, na kutwa nasikia baba angesema hivi, baba angeliona hilo kabla ya refa. Nakuonea wivu, na sikutaka nife bila kukwambia."

Nikamuuliza kuhusu nyonga. Akasema anaogopa kisu. Kwa hiyo nikampigia siku iliyofuata, na iliyofuata. Upasuaji ulipokwenda vizuri, aliniambia mwenyewe kabla hujaniambia wewe. Anaujua mpira, ila kuhusu Madrid amekosea sana, na namsahihisha taratibu.

Kaa naye apone.

Baba yako,
Hesbon

*

Al Warqa
1 Juni 2025

Baba,

Hujambo? Nauliza kwa sababu sina njia nyingine ya kujua.

Jana ilikuwa fainali. Paris tano, Inter bila, na mimi sikupata mtu wa kusema naye. Nilikupigia kabla ya mechi, simu inatumika. Goli la pili, inatumika. Nikampelekea mzee dawa chumbani. Nikamkuta amelala chali, simu kifuani, na sauti iliyotoka mle ni yako, unamweleza kwa nini beki wa Inter alichelewa. Alinipungia mkono niweke dawa mezani na nifunge mlango.

Nikakaa jikoni nikiwasikia mnacheka. Magoli yaliyobaki niliyatazama na pasi ya umeme.

Leo asubuhi nimemwambia madam nataka likizo yangu. Mzee anatembea sasa, na amekubali kuogeshwa na mwanawe Azzam. Nafika Kisumu Jumamosi ya tarehe kumi na nne, ndege ya asubuhi.

Dancan asije kunipokea. Njoo wewe, peke yako, na simu uiache nyumbani.

Binti yako,
Everlyn